Mbuni Unaugua Nini? Soma Jani, Tunda na Shina Kabla ya Kununua Dawa

Mvua za vuli zikikaribia, duka la pembejeo hujaa watu walioshika jani moja mkononi. Jani limegeuka njano. Muuzaji analitazama, anainua mkono rafuni, anashusha chupa. Nami nimewahi kusimama kwenye foleni hiyo. Mwaka mmoja nilipulizia kopa (dawa ya shaba ya kukinga kuvu) mara tatu mibuni ambayo kosa lake lilikuwa mzizi uliopindika tangu kitaluni. Kopa haikunyoosha mzizi, na hela ya mbolea ikawa imekwisha.

Maelezo haya ni ya arabika, kahawa ya milimani. Robusta ya Kagera na Uganda nitaigusa mahali pamoja tu. (Wenzetu wa Kenya, msichanganyikiwe: kwenu "mbuni" sokoni ni kahawa iliyokaushwa na ganda lake. Hapa mbuni ni mti wenyewe.)

Tuanzie kwao mbuni. Arabika ni kichaka cha msitu. Asili yake ni misitu ya milima ya kusini-magharibi mwa Ethiopia na uwanda wa juu wa Boma, Sudan Kusini, ambako huota wenyewe chini ya miti mirefu, kwenye mwinuko wa kama mita 1,000 hadi 2,000. Kilimanjaro nako mbuni ni mgeni. Uliletwa na wamisionari wa Kikatoliki huko Kilema mwaka 1898, wakati Wahaya wa Bukoba walikuwa wakitafuna robusta yao tangu zamani. Kwao mbuni ulizoea kivuli chepesi, joto la nyuzi 18 hadi 23 hivi, udongo wenye kina na majani yaliyooza na tindikali kidogo (pH 5 hadi 6.5), na kipindi cha ukame kinachofuatwa na mvua. Sisi tumeutoa huko, tukaupanda juani, karibu na jalala la majivu, halafu tunashangaa.

Maswali manne kabla ya kuondoka shambani

Je, umeugua mti mmoja, au mstari mzima? Mti mmoja katikati ya mingine mizima: inama uangalie shina na mzizi. Shamba zima: fikiria udongo, jua, maji au kuvu.

Majani yaliyogeuka rangi ni ya zamani (ndani na chini ya tawi) au machanga (nchani)? Hili ndilo swali linaloniokolea hela nyingi kuliko yote.

Ukigeuza jani, mgongoni kuna nini? Na ukikwaruza gome kwa kisu karibu na ardhi, unakuta rangi gani?

Majani ya njano

Geuza jani kwanza. Ukiona unga wa rangi ya chungwa unaobaki kidoleni, hiyo ni kutu ya majani. Upande wa juu utaona doa la njano lisilo na mpaka mkali, mahali palepale penye unga chini yake. Majani yataanguka, na mti utaingia msimu ujao ukiwa umevuliwa nguo. Kutu iliandikwa kwa mara ya kwanza mwaka 1861 maeneo ya Ziwa Victoria. Mwaka 1869 ikaonekana Sri Lanka, na ndani ya miaka ishirini hivi ikaua kahawa ya kisiwa kile hadi wakahamia chai. Kwa hiyo usiidharau, lakini pia usiione penye kila njano.

Kutu hupenda joto la wastani, hivyo huwa kali zaidi mashamba ya chini ya mlima kuliko ya juu. Mbegu zake za kuvu haziwezi kuota bila tone la maji juu ya jani. Ndiyo maana mti uliosongamana, ambao umande wake haukauki hadi saa tano asubuhi, huugua kabla ya jirani yake uliopogolewa. Kopa hukinga, haiponyi: inatakiwa iwe juu ya jani kabla mvua haijaleta ugonjwa, na iwe mgongoni mwa jani, kwa sababu kuvu huingilia huko. Wengi tunapulizia tukiwa tumesimama, tunaosha uso wa jani, tunarudi nyumbani tumeridhika. Inamisha bomba, elekeza dawa kutoka chini kwenda juu.

Dawa ya kudumu ni aina ya mti. N39 na KP423, zilizopandwa na babu zetu, hazina kinga. Kituo cha Lyamungo, wilayani Hai, ambako ndiyo makao ya TaCRI (taasisi ya utafiti wa kahawa Tanzania), kimetoa chotara zinazostahimili kutu na chulebuni, ugonjwa wa kuvu unaogeuza matunda kuwa meusi; Kenya wana Ruiru 11 ya mwaka 1985 na Batian ya 2010. Si lazima ung'oe shamba zima. Pengo likitokea, jaza kwa chotara.

Kama hakuna unga, rudi kwenye swali la jani la zamani na jani changa.

Jani la zamani limepauka lote sawasawa, mti mzima umefifia: njaa ya naitrojeni. Hutokea sana pale magugu au migomba iliyosongamana inapokula sahani moja na mbuni. Jani la zamani lina njano katikati ya mishipa huku uti wake ukibaki kijani, hasa matawi yenye matunda mengi: magnesiamu. Kingo za jani la zamani zimeungua kahawia kama karatasi iliyopitishwa motoni: potasiamu, na kahawa yenye matunda hula potasiamu kwa pupa.

Likiwa jani changa ndilo la njano, na mishipa yake imebaki kijani kama wavu, ni chuma. Mara nyingi chuma kipo udongoni ila mti hauwezi kukinyonya kwa sababu pH imepanda, yaani tindikali imepungua. Uliza majivu ya jikoni humwagwa wapi. Mashamba yetu ya kihamba, yale yanayozunguka nyumba, yana mibuni ya nyuma ya nyumba ambayo imemwagiwa majivu kwa miaka, kwa nia njema kabisa, na ndiyo hiyo yenye njano. Acha majivu, weka samadi iliyoiva na matandazo, usubiri. Majani mapya yakitoka madogo, membamba, yamebanana kama yamefungwa uzi, shuku zinki.

Kuna njano moja ya milima ya juu ambayo haina dawa wala haihitaji. Majani ya nchani hukunjamana, kingo zikawa na njano au zambarau, baada ya siku zenye jua kali na usiku wa baridi kali. Kenya wanauita ugonjwa wa joto na baridi. Miti ya kivuli huupunguza, kwa kuwa hukata jua la mchana na kutunza joto la usiku. Mringaringa au mgrevilea uliopunguzwa matawi, si uliotanda kama hema.

Mti mmoja unanyauka

Hapa ndipo watu hupoteza muda mwingi, maana juu mti unaonekana kama una njaa wakati shida iko chini. Sababu ni nne, na kila moja ina alama yake.

Unga wa mbao kama wa msumeno chini ya shina, gome lililotafunwa mduara, tundu la ukubwa wa penseli: bungua mweupe. Funza wake hukaa ndani ya mti hata mwaka na zaidi. Huanza kwa kutafuna gome karibu na ardhi, akimaliza kuzunguka mti hauna njia ya kupitisha chakula. Mashamba ya chini ya mita 1,500 humjua vizuri. Unga ukiwa mbichi, ingiza waya laini wa spoku ya baiskeli hadi umguse. Ukitoka na majimaji umempata. Tundu likiwa la mviringo safi, kavu, lisilotoa unga, mdudu ameshatoka akiwa mzima, na waya wako hautamkuta mtu. Kinga yake inahitaji jasho tu: kabla ya mvua sugua shina kwa gunzi au kipande cha gunia, kuanzia ardhini hadi magotini, gome liwe laini. Jike hutaga mayai kwenye nyufa za gome. Akikuta pamelainika, anakosa pa kuyaficha.

Gome zima, hakuna tundu, lakini mti wa miaka miwili au mitatu umenyauka ghafla ulipobeba zao la kwanza: ng'oa mmoja. Ukikuta mzizi mkuu umejikunja kama ndoana, hilo ndilo lililonipata mimi. Miche niliinunua, sitasema wapi, ikiwa imekaa kwenye viriba vidogo hadi mzizi ukagonga chini na kugeuka. Miaka miwili mti hujikimu kwa mizizi ya juu, kisha mzigo wa matunda unaufichua. Hakuna tiba. Ng'oa, panda upya, na safari hii kabla ya kupanda kata sentimita mbili za chini ya kiriba pamoja na mzizi uliojikunja humo. Mche mfupi wenye mzizi ulionyooka una faida kuliko mche mrefu wa kupendeza.

Shina limepasuka kwa urefu karibu na ardhi, na ukibandua gome unakuta utando mweupe wenye harufu ya uyoga: kuvu inayoozesha mizizi. Angalia kama pana kisiki cha mti wa msitu karibu. Inaishi humo, inatembea kwa mizizi inayogusana. Ng'oa mbuni na mizizi yake, ng'oa kisiki, choma, acha shimo wazi lipigwe na jua.

Ya nne ni mnyauko fuzari. Huu ni adui wa robusta: uliiteketeza kahawa nyingi Congo, ukaonekana Uganda 1993, na Kagera tumeupata pia. Majani hulegea na kuanguka, matunda hukaa yamekauka kwenye tawi, na ukikwaruza gome unaona michirizi ya bluu-nyeusi kwenye ubao. Mti huo usiuburute shambani. Uchome palepale uliposimama, na panga lililoukata ulipitishe motoni kabla halijagusa mti mwingine, kwa sababu huingilia kwenye majeraha.

Hakuna maua, au yapo lakini hayafungi tunda

Kitumba cha ua la kahawa kikishakua hulala. Ukame ndio unaokiandaa, mvua ndiyo inayokiamsha: ikinyesha ya kutosha, baada ya siku nane hadi kumi na mbili hivi shamba zima huwa jeupe, harufu kama ya asumini inafika barabarani, na siku ya tatu kila kitu kimenyauka. Ukielewa mpango huo, matatizo mengi yanajieleza.

Anayemwagilia kwa mfongo (mfereji wa asili) wiki baada ya wiki kiangazi chote hupata maua machache machache kila mara, halafu matunda yanaiva kwa awamu zisizokwisha na vibarua wanalipwa mara saba. Acha mti uhisi kiu kidogo, kisha umwagilie kwa nguvu mara moja. Mvua za rasharasha nazo hufanya hivyo hivyo, ila hizo hatuzifungi bomba.

Maua madogo, ya kijani, magumu, yenye ncha kama nyota na yasiyofunguka vizuri ni ishara ya joto kali wakati kitumba kinakua. Hayatazaa. Hapo tunarudi kwenye kivuli.

Vitumba vimekuwa vyeusi na kukauka kabla ya kuchanua? Tikisa mti asubuhi mapema juu ya shuka jeupe. Mdudu bapa mwenye umbo la ngao, mweusi wenye madoa ya chungwa na meupe, ni kimatira. Anafyonza vitumba, anafyonza matunda machanga yakaanguka, anafyonza ncha za matawi hadi zikatoa vitawi vingi vifupi kama ufagio. Akifyonza tunda lililokomaa, punje hutoka na michirizi, na Rwanda na Burundi ameshutumiwa kwa ile kahawa yenye ladha ya kiazi kibichi. Wawili kwa mti mmoja wanatosha kuleta hasara. Kimatira anapenda giza la mti usiopogolewa. Kwa hiyo msumeno kwanza, dawa baadaye.

Nyuki msiwalaumu. Arabika hujichavusha yenyewe kwa sehemu kubwa; nyuki huongeza, lakini kukosekana kwao hakuachi mti mtupu. Mvua kubwa iliyopiga siku ileile maua yamefunguka ni mshukiwa bora zaidi. Na kama mwaka jana ulivuna sana, mwaka huu mti hauna tawi la kuchanua, maana arabika huzalia kwenye tawi lililokua msimu uliopita. Ukiwa umeshughulika kubeba matunda, haukukuza tawi.

Matawi yanakauka kuanzia nchani, matunda yanageuka meusi

Hapa wengi hupiga kelele "chulebuni!" na mara nyingi wamekosea. Tofauti ni hii.

Chulebuni hushambulia tunda la kijani kwenye tawi lililo hai lenye majani. Huanza doa dogo jeusi, lililobonyea, linatanuka hadi tunda zima linakuwa jeusi na kukauka na punje ndani yake. Hupenda ubaridi na unyevu, kwa hiyo ni shida ya mashamba ya juu. Kama una wasiwasi, weka matunda machache yenye madoa kwenye kopo lenye pamba iliyolowa, funika, angalia kesho na keshokutwa: ute wa pinki juu ya doa ni chulebuni. Doa la rangi ya maji ya kunde, kavu kama upele, lisilobonyea ni kuvu ileile iliyoshindwa na tunda. Liache. Ugonjwa huu uliripotiwa kwanza magharibi mwa Kenya mwaka 1922, na kuvu yake imebeba neno letu hadi kwenye vitabu vya sayansi: Colletotrichum kahawae.

Dawa yake ni kalenda. Tunda huwa dhaifu zaidi linapotanuka, kuanzia kama wiki ya nne hadi ya kumi na nne baada ya maua, na hapo ndipo kopa iwe juu yake muda wote. Ukianza baada ya kuona weusi umechelewa, unanyunyizia maiti. Okota pia matunda meusi yaliyobaki mtini, maana ndiyo ghala la msimu ujao.

Lakini tawi likiwa limekauka kuanzia nchani, halina majani, na matunda yake yote yamekuwa meusi bila madoa ya kubonyea, hilo ni tawi lililozidiwa na mzigo. Narudi tena msituni. Chini ya kivuli cha Ethiopia mbuni hutoa maua machache, hivyo haukuhitaji kujifunza kuangusha matunda ya ziada kama mwembe unavyofanya. Ukiuweka juani unachanua kila kona, unafunga kila ua, halafu unajila wenyewe: majani kwanza, kisha tawi, kisha mizizi. Hakuna kuvu hapo, na kopa haisaidii. Zao lililobaki vuna hata kama ni dogo, kata matawi makavu hadi penye uhai, weka mbolea mvua inapoanza, ongeza kivuli. Mti uliochoka kabisa kata kisiki, sentimita 30 hivi kutoka ardhini, mkato ulioinama ili maji yasituame, kisha kati ya machipukizi yatakayotoka acha mawili au matatu yenye nguvu. Utakosa mavuno miaka miwili hivi. Mimi nakata robo ya shamba kila mwaka ili jikoni pasilale njaa.

Yaliyobaki, kwa haraka

Tundu dogo kitovuni mwa tunda: ruhuka. Anaishi ndani ya punje, dawa haimfikii. Chuma kila tunda, hata yaliyoanguka na yaliyosahaulika juu. Mti mtupu baada ya mavuno ndiyo sumu yake.

Majani yamepakwa weusi kama masizi na sisimizi wanapanda na kushuka: masizi si ugonjwa, yameota juu ya sukari inayomwagwa na vidugamba. Zuia sisimizi, kata matawi yanayogusa ardhi, na wadudu marafiki watamaliza vidugamba wenyewe. Kupulizia sumu kali hapa huua marafiki kwanza.

Doa la kahawia juu ya jani ambalo ukilipasua ngozi yake unakuta viwavi vidogo vyeupe ndani: vidomozi. Wachache wavumilie. Madoa ya mviringo yenye jicho la kijivu katikati, hasa kwenye miche, ni alama ya jua kali na njaa.

Ukishindwa, nenda kwa bwana shamba, lakini usiende na jani moja. Beba tawi lenye majani ya zamani na machanga, matunda kadhaa ndani ya karatasi kavu (mfuko wa plastiki huozesha ushahidi), udongo kutoka juu na kutoka kina cha mkono, na picha ya simu inayoonyesha mstari mzima. Isipokuwa uwe umeona ile michirizi ya bluu-nyeusi chini ya gome. Hapo usibebe chochote, hata tope la viatu. Piga picha, mpigie aje yeye.